Picha za Arusi na Amana ya Mwenye Kuzichukua

Liko swali ambalo siku hizi huulizwa karibu katika kila nyumba yenye posa, mjini Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru, kama linavyoulizwa Bagamoyo, Tanga, Unguja na Mombasa. Swali lenyewe ni hili: mwenye arusi amwajiri fundi wa video aje na mashine zake, au jamaa wajipigie wenyewe kwa simu zao? Wengi hulihesabu kuwa ni swali la fedha tu. Mfuko ukiwa mnene huitwa fundi. Ukiwa mwembamba hutafutwa mpwa mwenye simu nzuri. Lakini ndani ya swali hili mna mambo ya stara, ya amana na ya haki za watu, na mambo hayo humkabili tajiri na maskini kwa namna moja.

Kwanza, kwa ufupi, hukumu ya picha yenyewe. Maulamaa wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, na hoja yake ni kwamba kamera haiumbi sura, ila hukizuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mungu, mfano wa kioo. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, alishika kauli ya kukataza, isipokuwa panapo dharura. Aliyeichukua kauli hii ya pili, swali la fundi au simu halimhusu, wala asibughudhiwe kwa kujizuilia kwake. Maneno yanayofuata yanawahusu wale walioichukua kauli ya kwanza, nao siku hizi ndio wengi. Na hao wajue kwamba kuruhusiwa kioo si kuruhusiwa kila kinachoweza kuonekana kiooni.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi, kwa sababu picha ilikuwa na nyumba yake. Duka la Capital Art Studio lililofunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza lilikuwa mojawapo ya nyumba hizo. Mtu alivaa nguo zake njema, akaenda mwenyewe, akakaa mbele ya pazia, akapigwa naye anajua kuwa anapigwa, kisha akarudi kwake. Kamera za kanda zilipoenea katika pwani, mashine iliingia ndani ya arusi yenyewe, ikapita barazani, ikapita uani, ikafika chumbani kwa wanawake. Waliofurahi kwanza ni jamaa waliokuwa mbali, Maskati, Dubai na London, waliopelekewa kanda wakaziona arusi ambazo hawakuweza kuzihudhuria. Na furaha hiyo ni njema, kwani kuunga jamaa ni katika mambo yaliyoamrishwa. Lakini kanda iliyotoka nyumbani haikujua kusimama kwa jamaa peke yao. Heike Behrend, mwanachuoni wa Kijerumani, ametoa kitabu mwaka 2013 juu ya picha katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na humo ameieleza kwa urefu mizozo ya Waislamu wa pwani ya Kenya katika jambo hili la picha na stara ya wanawake. Leo Mombasa na Unguja si ajabu kukuta mwanamke amewekwa mlangoni mwa arusi ya wanawake kuzizuia simu zisiingie, na fundi akitakiwa ndani hutafutwa mwanamke. Watu wa miji hiyo wamejifunza kwa kuumwa.

Morogoro ni mji wa bara, ila Uislamu wake ulipanda kutoka pwani kwa njia za misafara, na reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika mwaka 1907 njia hiyo ikafupika. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme hufika Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili. Basi fundi wa Dar es Salaam akiitwa alfajiri, aweza kuwa Kiroka au Mkuyuni au Kinole kabla ya adhuhuri, amepakiwa katika bodaboda na begi lake la kamera mgongoni, mvua ya masika ikimwia radhi, maana kupanda njia za Uluguru mwezi wa Aprili ni jihadi. Watu wa vijiji hivyo wana desturi ya zamani ya kumweka mwali ndani, afichwe na macho ya watu mpaka siku ya kutolewa. Ni jambo la kushangaza kwamba kaumu iliyokuwa ikimficha binti yake kwa muda mrefu hata jirani asimwone, leo humwonyesha kwa watu elfu kabla wali wa arusi haujapakuliwa.

Sasa zitazamwe hoja za wale wanaotaka kujipigia wenyewe. Hoja yao moja ni nzuri kuliko wanavyojua. Fundi mgeni hajui nani ni nani. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, wenyewe huuita lukolo, na mjomba wa bibi arusi ni mtu ambaye neno lake hungojewa katika posa. Kwa sheria ya Kiislamu mjomba si walii. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume, na wanaofuatia upande wa baba. Basi siku ya akadi baba ndiye aozeshaye, na mjomba hukaa kando, kimya, naye ana sehemu kubwa ya uzito wa shughuli ile. Fundi wa mjini humwona mzee mwenye kanzu iliyochakaa ameegemea ukuta, humpita, akaenda kumpiga mgeni mwenye suti aliyeshuka katika gari. Miaka 10 ikipita, watoto wa ndoa ile hutazama, wakamwona mgeni ambaye hakuna amkumbukaye kwa jina, na mjomba wa mama yao hayumo. Mpwa mwenye simu ya kawaida, japo mkono wake unatetemeka na taa ni haba, asingefanya kosa hilo.

Hata hivyo mpwa naye ana upande wake. Akiwa wa ukoo wa kiumeni, kwa kawaida huwaona zaidi watu wa kiumeni, na upande wa pili wakija kutazama hukuta shangazi mmoja tu amepita mbele kwa bahati. Ugomvi wa namna hii huonekana wa kitoto kwa asiye na arusi, lakini katika nyumba mpya ni jiwe la kwanza katika kiatu. Fundi wa kuajiriwa humkosa mjomba kwa ujinga, na ujinga hausemwi kuwa ni dharau. Mpwa akimkosa, hakuna atakayeamini kuwa hakukusudia.

Liko tena jambo la akadi. Wako mafundi ambao, wakikosa kuipata vema sura ya walii na bwana arusi walipopeana mikono, huomba jambo lirudiwe: mikono ishikwe tena, maneno yasemwe tena, na safari hii bwana arusi atazame huku. Huenda sheikh akakubali kwa haya, au kwa kuwa fundi amekwisha kulipwa. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba yako mambo matatu ambayo mzaha wake ni kama kweli yake, na ndoa ni moja katika hayo. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi, kuikariri akadi hakuivunji iliyokwisha kupita, basi asikhofu mtu kuwa ndoa imeharibika. Kilichoharibika ni heshima ya neno. Mtu ametamka mbele ya mashahidi wawili neno zito kuliko maneno yote atakayoyatamka katika umri wake, na mara ile ile anaambiwa kuwa halikutoka vizuri. Sheikh mwenye kusimamia akadi yafaa aikatae kazi hiyo ya pili, awe anayepiga ni fundi au ni ndugu.

Wala asidhani mtu kuwa video itasimama mahali pa mashahidi. Shahidi wa ndoa ni mtu aliyehudhuria, aliyesikia ijabu na kabuli kwa masikio yake, mwenye kusadikiwa. Mashine haina uadilifu wa kupimwa. Na mbele ya serikali ya Tanzania ndoa huthibitishwa kwa kuandikishwa na kupewa cheti, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Video ni ukumbusho tu, na mwenye kuipa cheo zaidi ya hicho ndiye anayeingia katika gharama zisizo na maana.

Gharama zenyewe hazihitaji maneno mengi. Qur'ani imekwisha kuwafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani katika Suratul-Israa. Mtume (S.A.W.) alipomwoa Bibi Safiyya, karamu yake ilikuwa tende, samli na maziwa makavu juu ya kitanga cha ngozi; na Abdurrahman bin Auf, mmoja wa matajiri wa Madina, alihimizwa kufanya karamu japo kwa mbuzi mmoja. Anayekopa ili apigwe picha, au anayewatoza jamaa mchango ambao sehemu yake kubwa humwendea mwenye ndege ndogo ya kupiga picha kutoka angani, ameiacha njia hiyo mbali. Vilima vya Uluguru ni vizuri vikitazamwa kutoka angani, hapana shaka. Lakini vilikuwapo jana na vitakuwapo kesho, bila ya deni.

Ila wako wanaojisifu kuwa wameokoa fedha, na kumbe wameitoa gharama mfukoni mwao wakaitia mgongoni mwa mwingine. Kijana anayepewa simu asubuhi na kuambiwa asikose kitu, hakai na wenzake, hali nao, hata dua ikisomwa mikono yake haikuinuka kwa sababu imeshika mashine. Jioni huambiwa ahsante, na kesho huulizwa kwa hasira kwa nini sauti ya kaswida haisikiki kwa ngoma. Fundi angelipwa, na katika ijara ya sheria kazi hutajwa na ujira hutajwa, na Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba mtenda kazi apewe haki yake kabla jasho halijamkauka. Ndugu hatajiwi kitu. Mwenye kutaka jamaa yake afanye kazi ya fundi, ampe kitu kwa moyo mkunjufu, tena ampe mwenzi wa kupokezana naye, ili kila mmoja apate sehemu yake ya arusi. Na aliyemwita fundi asimshushe bei mpaka akawa anamwonea, kwani katika vijana wa Kiislamu wa Morogoro wapo ambao hii ndiyo riziki yao ya halali.

Yote yaliyotangulia ni mepesi mbele ya jambo la stara, na hapa ndipo hoja kubwa ya wenye kujipigia wenyewe inapotakiwa kupimwa. Wao husema: afadhali picha za wake zetu na binti zetu zibaki kwa watu wa nyumbani kuliko kukaa katika mashine ya mtu baki. Neno hili lina haki ndani yake. Fundi mwanamume kuingia katika chumba ambamo wanawake wamejifungua mitandio na kujipamba ni haramu isiyo na mashaka, na fedha ya kumlipa haiibadilishi. Lakini je, watu wa nyumbani ni nani? Suratun-Nur imefundisha kwamba hata watumwa na watoto wa nyumba, walio ndani usiku na mchana, hutaka idhini ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya isha. Ikiwa mtoto wa nyumba yampasa kubisha mlango, ujamaa peke yake haukuwa ruhusa ya kuona kila kitu. Na binamu, na shemeji, ambao katika arusi za vijijini ndio hushika simu, si maharimu wa bibi arusi hata kidogo.

Tena fundi ni mmoja. Ana jina, ana duka, ana mapatano, na mtu aweza kumwendea akamdai. Simu za jamaa ni 40, na kila moja ina nakala yake. Ikivuja picha ya bibi arusi amefunua kichwa, hapana ajuaye imetoka katika simu gani, na kila mtu huapa kuwa si yake. Wala wengi wao hawakusema uwongo, maana simu za leo hupeleka nakala mahali pa mbali zenyewe, bila ya mwenyewe kuamrisha kila mara. Na picha iliyofutwa hukaa kwanza katika pipa la takataka, siku 30 au 60 kwa baadhi ya simu, nayo yaweza kurejeshwa. Iliyowekwa katika ukurasa wa hali ya WhatsApp huondoka baada ya saa 24, lakini aliyeitaka amekwisha kuichukua. Kwa hivyo arusi ambayo kila mtu anajipigia ina khatari kubwa kwa stara kuliko arusi yenye fundi mwanamke mmoja aliyefungwa kwa mapatano, na waliokimbia mtu baki wameangukia katika watu baki wengi wasiojulikana.

Huenda msomaji wa vitabu akajibu kuwa baadhi ya mafakihi wa Kishafi walisema kwamba kuona mfano wa mwanamke katika kioo au katika maji si sawa na kumwona mwenyewe. Wamesema hivyo kweli. Lakini wao wenyewe walishurutisha kusiwe na fitina. Na zaidi ya hayo, mfano ulio katika kioo huondoka mwenyewe akiondoka. Hakuna aliyewahi kukichukua kioo cha mtu akaenda nacho Maskati na sura ya mtu yule imo ndani yake. Picha ya video imekosa sifa hii, na sifa hii ndiyo iliyoifanya hukumu ya kioo kuwa nyepesi.

Na hapa pana jambo ambalo wenye arusi hawalifikiri siku ya furaha, nalo ndilo zito kuliko yote. Kila ruhusa ya kutazama ina sababu, na sababu ikiondoka ruhusa huondoka nayo. Wanawake huonana chumbani kwa sababu ni wanawake. Nuru ile ile ikihamishwa mbele ya macho ya mwanamume, sababu imekwisha. Mume humtazama mkewe kwa sababu ya ndoa. Wakiachana na eda ikaisha, amekuwa mwanamume baki kama wa njiani. Lakini picha haijui eda. Imo katika simu yake, naye aweza kuifungua usiku wa manane, au kumwonyesha mke wa pili, au akiwa na hasira kuwatumia watu. Haya si mambo ya kudhania tu. Wanawake wengi wametiwa aibu kwa njia hii, na serikali nazo zimeona kuwa khabari na sura za mtu zina haki ya kulindwa, hata Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa Mwislamu kauli iliyo wazi ni kwamba mume aliyeacha yampasa kuzitoa picha hizo mikononi mwake eda ikiisha, kama alivyowajibika kumlipa mahari aliyobakisha. Si mali yake. Alikuwa ameaminiwa kwa muda, na muda umekwisha.

Akitazama mtu kwa jicho hili, swali la fundi au simu hubadilika. La kuulizwa kwanza ni hili: picha zitakaa kwa nani, na ni nani atakayeweza kuzifuta zote siku itakapopasa kufutwa? Ambaye hawezi kulijibu hilo, heri aache kupiga upande wa wanawake kabisa, atosheke na akadi na karamu ya wanaume. Anayeweza, basi afanye lililo jepesi kwake. Kijana wa Kinole asiye na fedha na ajipigie kwa simu, bila ya kuona unyonge: simu moja ya upande wa wanaume, mikononi mwa mtu anayewajua wazee wa pande zote mbili, na simu moja ya upande wa wanawake, mikononi mwa mwanamke, nayo imefungiwa mtandao tangu asubuhi, na simu nyingine zote zikae katika kikapu mlangoni. Mwenye uwezo na amwite fundi mwanamke, amtajie katika mapatano kwamba kadi ya kumbukumbu atakayoitia katika kamera ni ya wenye arusi, na kwamba ataitoa na kuiacha hapo hapo kabla ya kushuka mlima. Akisema hawezi kwa sababu picha hutengenezwa dukani, ampe siku, na siku hiyo aende mtu kusimama mpaka nakala za dukani zimefutwa mbele yake. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa sharti hili, na anayekasirika amekwisha kujieleza.

Ama kadi yenyewe, baba na bwana arusi kila mmoja atajiona kuwa ana haki nayo. Lakini desturi ya Uluguru ya kumfuata mama hapa haina ugomvi na sheria, kwani hapana mali inayorithiwa wala walii anayeondolewa. Mama mzazi wa bibi arusi ni halali yake kumwona katika pambo lake kabla ya ndoa, ndani ya ndoa na baada ya ndoa, awe ameolewa au ameachwa, na hapana siku itakayomgeuza kuwa mtu baki. Mama na aishike kadi, ifungwe katika kitambaa, iwekwe sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Bibi arusi akitaka kuitazama na mumewe, huiomba na kuirudisha. Jamaa wa Maskati hupelekewa ya wanaume. Na mama akifariki, kadi humrudia mwenye sura, naye huamua mwenyewe kuiweka au kuitia motoni.